Jiwe la Mama la Tayamamu

Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa zaidi ya miaka thelathini, na kitu nilichokiamini kuliko dawa yoyote ni maji ya moto. Nilichemsha mikasi, nilichemsha mabeseni, nilichemsha hata vijiko vya wagonjwa ambavyo ndugu zao walikuwa wamekwisha kuviosha. Wenzangu walinitania kwamba siku nikifa nitafufuka kidogo niulize kama maji ya kunioshea yamechemka. Nilipostaafu niliihamishia tabia hiyo nyumbani kwangu Mabawa, hapa Tanga mjini, na wageni wangu wote walijua kuvua viatu mbali na kizingiti. Nayasema haya mapema ili asiwepo wa kudhani nilimtendea mama yangu ubaya kwa kumchoka. Sikumchoka hata siku moja. Nilikuwa namtunza.

Mama alipatwa na kiharusi kijijini kwake Mkwaja, asubuhi, akiwa uani anaanika muhogo. Upande wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukamlala. Alibakiwa na mkono wa kushoto, macho, na sauti moja tu isiyo na neno ndani yake, ambayo aliitumia kwa kila kitu: kiu, maumivu, hasira. Mimi na mdogo wangu wa kiume, anayelima machungwa Muheza, tulikubaliana nimchukue mimi. Mimi ndiye binti, mimi ndiye muuguzi, na kwangu kuna maji ya bomba. Nilimtengea chumba cha mbele chenye dirisha, kitanda nikakisogeza mpaka ukutani ili asianguke upande ule. Nyumba yangu ni ya zamani, kuta zake ni za udongo na kupakwa chokaa juu, ila sakafu ni ya saruji na naipiga deki mara mbili kwa siku.

Jioni ile ile nilifungua mzigo wake. Ndani ya kanga kuukuu mlikuwa na kifuko cha kaniki kilichofungwa fundo. Nilipolifungua fundo, udongo mwekundu ukamwagika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki muda si mrefu, na katikati ya udongo ule kulikuwa na jiwe la kahawia, la mviringo, lenye ukubwa wa andazi. Hasira zikanipanda. Nilidhani ni mambo ya waganga. Nikasema moyoni, kumbe na mama naye, pamoja na sala zake zote! Udongo niliufagia nje, kifuko nikakitupa jikoni kwenye moto, na jiwe nikalirusha juu ya ukuta wa ua, upande wa jirani, ambako mafundi walikuwa wamerundika kokoto za kujengea msingi. Mama alikuwa amelala. Nilinawa mikono kwa sabuni nikaenda kupika uji.

Kesho yake adhana ya adhuhuri ilipolia, mama alianza kupapasa chini ya mto. Nilimpa leso, akaisukuma. Nilimpa tasbihi, akaiweka kifuani na kuendelea kupapasa. Kisha aliunyanyua mkono, akaupigapiga hewani, akajipangusa uso. Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, alivyokuwa amelala katika nyumba ile ya Mkwaja nilipokuwa msichana mdogo, jiwe likiwa ubavuni mwake. Kila wakati wa sala alilipiga kwa viganja, akajipangusa uso, akalipiga tena, akajipangusa mikono. Asiyeweza kugusa maji hutayamamu, na bibi alitayamamu kwa jiwe lile mpaka akafa. Nilichokitupa hakikuwa cha mganga. Huenda lilikuwa jiwe lile lile la bibi.

Nilizunguka kwa jirani nikiwa nimevaa kandambili za chooni, kitu ambacho sijawahi kukifanya. Fundi mkuu alinisikiliza kwa adabu, akanionyesha msingi. Zege lilikuwa limemwagwa asubuhi na lilikwisha kushika. "Mama, mawe ya humu ni mengi," aliniambia. "Lako tutalijuaje?"

Sikulitazama vizuri nilipokuwa nalirusha.

Nieleze kwa nini mama hakutumia maji. Daktari alikuwa amesema kifua cha mama hakiwezi kustahimili kuloweshwa loweshwa, na kweli kila nilipompitishia maji mikononi alitetemeka mpaka meno yakagongana. Daktari aliruhusu apanguswe mara moja kwa siku, kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Kwa sala tano hiyo haitoshi. Na mama hakuwa mtu wa kusali akipata nafasi tu. Nilimjua akisali na homa, nilimjua akisali siku tuliyomzika baba, akiwa edani, sauti imemkauka. Mtu huyu asingekubali kusimamishwa na kiharusi. Alitaka jiwe, na mimi niliyelitupa nilikuwa na deni la kumtafutia jingine. Sikumwambia kwamba nililitupa. Nilimwambia limesahaulika Mkwaja.

Nilianza kwa wepesi. Jiwe ni jiwe, nilijisemea. Nilikwenda Raskazone maji yakiwa yamekupwa, nikaokota jiwe zuri jeupe, laini, limelambwa na bahari mpaka halina kona. Nikalichemsha kwenye sufuria kwa dakika ishirini, nikalisugua kwa brashi na sabuni ya mche, nikalikausha kwa taulo. Mama alikuwa na vidonda vya kulala mgongoni, na sikuwa tayari kumletea kitandani uchafu wa ufukweni ambako kila mtu hupita na mbwa wake. Nikamwekea ubavuni. Alilipapasa kwa kiganja, akalipiga mara moja, akakitazama kiganja chake. Halafu akalisukuma. Likaanguka sakafuni kwa kishindo.

Jiwe la pili nilipewa na mwenzangu wa zamani wa kazini, ambaye mwanawe hufanya vibarua Amani, huko milimani. Lilikuwa jeusi lenye mistari myeupe, linametameta kama kitambaa cha bibi harusi, zito kuliko ukubwa wake. Nikalichemsha nalo. Mama akalipiga, akakitazama kiganja, akalisukuma. La tatu lilikuwa jeupe lenye kuangaza kidogo kama kipande cha barafu. Hilo hakulipiga hata mara moja. Alilishika tu akaliachia. Kisha akaninyooshea mkono na kusugua kidole gumba juu ya vidole vingine viwili, polepole, huku ananitazama usoni. Akasugua tena. Na tena.

Nilikaa na ishara ile siku nzima. Jioni nikafikiri nimeielewa: anataka jiwe lenye chembechembe. Jiwe linalokwaruza.

Pale karibu na soko alikuwapo mzee mmoja mnoa visu, Mshambaa wa milimani, Mkristo wa Kilutheri, mtu wa maneno machache na vidole vilivyokatwakatwa. Wachinjaji wote walimpelekea visu vyao. Nilimpelekea mawe yangu matatu ndani ya mfuko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Visu viko wapi?"

Nilimwambia sina kisu, nina mawe. Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo jua limenichoma kichwani. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na ukimgusa mtu kwenye kazi yake atasema. Aliliweka lile jeupe la pwani juu ya goti, akalikwaruza kwa ncha ya kisu, akaukamulia ndimu ule unga uliotoka. Ukatoa povu dogo. "Hili ni matumbawe," alisema. "Lilikuwa kitu hai baharini. Ndimu hulila. Halinoi kitu." Lile jeusi la Amani alilidondoshea tone la maji, na tone likakaa juu yake bila kuzama. "Hili limepikwa na moto wa ardhini likakaza. Halinywi." Lile linaloangaza hakuhangaika nalo.

Kisha alichomoa kutoka kwenye gunia lake jiwe la kahawia lililoliwa katikati kwa kunoa. Alilidondoshea tone la maji. Tone likapotea. Alililowesha lote, akaligeuza juani, akaniambia nichungulie. Nikaona chembe, moja moja, kama mchanga uliogandishwa, na mistari myembamba ikipita kama kurasa za kitabu kilicholoa. "Hili ni jiwe mchanga," alisema. "Mto uliuleta mchanga zamani za kale, ukalala tabaka juu ya tabaka, ukakandamizwa mpaka ukashikana. Ni kama kashata. Nazi ni punje punje, sukari ndiyo inayoshika. Humu kinachoshika ni kutu, ndiyo maana limekuwa na rangi hii."

"Na yale ya mviringo, yanayookotwa?"

"Ni hayo hayo, yamebingirishwa na maji. Sugua mawili juu ya sahani nyeupe. Yakikumwagia mchanga, ndiyo. Yasipokumwagia, rudi nayo ulikoyatoa."

Nilimwuliza yanapatikana wapi. Alisema sehemu nyingi, mito ya huku inayo, lakini aliwahi kuona mazuri zaidi kwenye vijito vya kusini, huko njia ya kwenda Mkwaja. Nilipolisikia jina la kijiji cha mama nilitaka kulia mbele ya wateja wake. Nilipokuwa naondoka aliniita. "Ukilipata usilitie sabuni, mwanangu. Jiwe hili hunywa kila kitu. Likinywa sabuni linaziba, limekufa hilo."

Nilimshukuru. Nilidhani anazungumzia visu.

Basi nikawa mtu wa mawe. Ijumaa moja nilimwacha mama na jirani yangu, bibi mmoja wa makamo ya mama, nikapanda gari la asubuhi mpaka Mkwaja. Nilishuka kwenye kijito nyuma ya mashamba, maji yakiwa machache, nikapandisha gauni na kuinama kama mtu anayepanda mpunga. Nimekulia pale na sikuwahi kuyatazama mawe yale. Kumbe yalikuwa na nasaba zao. Kulikuwa na ya milimani yaliyosafirishwa mpaka yakasahau kwao, magumu, baridi mkononi. Kulikuwa na vipande vya matumbawe ambavyo bila shaka watu walivibeba kujengea na vikarudishwa na mvua. Na kulikuwa na jiwe mchanga, la kahawia, la manjano, la wekundu wa tofali, jepesi kidogo, lisilong'aa hata likiwa limelowa isipokuwa kwa zile chembe zake ndogo. Ukilishika halitelezi, linakushika na wewe.

Nilijaribu kila moja. Tone la maji, kucha, sahani nyeupe niliyoibeba kwenye kikapu. Watu waliopita waliniamkia na kunipa pole ya mama, halafu wakaitazama sahani na kuondoka bila kuuliza. Nilichagua mawe sita. Moja kati yao lilikuwa na ukubwa wa andazi na rangi ile ile ninayoikumbuka ya jiwe nililolirusha, na nilipoliweka kiganjani nilijua kabisa kwamba nimefika. Nilirudi Tanga nimelipakata mapajani. Sijui kama niliwahi kumpelekea mama zawadi nikiwa na furaha namna ile.

Na nilipofika nyumbani, kabla sijavua hata mtandio, nilibandika sufuria.

Nikalichemsha. Lilitoa mapovu madogo madogo, nikafurahi kuona uchafu unatoka. Maji yakawa mekundu, nikayamwaga, nikatia mengine. Yakawa mekundu tena, nikamwaga tena. Nikalisugua kwa brashi na sabuni, nikalisuuza mpaka maji yakatoka meupe, kesho yake nikalianika juani juu ya kitambaa, kisha nikalipeleka kitandani likiwa bado lina joto la jua.

Mama aliliona kabla sijamfikia. Alinyoosha mkono. Alilipokea, akalizungusha kiganjani, akalipitisha shavuni, na machozi yakamtoka. Mimi nami nikalia. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kulia. Akaliweka kifuani, akatulia kama mtu anayetia nia, akalipiga kwa kiganja. Akakitazama kiganja. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Akakitazama. Kisha akaninyooshea kiganja chake nikione.

Nilikitazama. Kilikuwa safi.

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Safi kabisa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Akasugua kidole gumba juu ya vidole viwili. Nikamwambia ndiyo, chembe, nimeziona, ni jiwe mchanga lenyewe, la kwenu, la kijitoni. Akasugua tena. Kisha akaliachia jiwe likaviringika kwenye shuka na kuanguka, na akatoa ile sauti yake, ndefu, ambayo ilinichoma masikio.

Hapo nilipasuka. Nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake. Nilimwambia jiwe ni jiwe. Nilimwuliza anataka nimletee la Makka? Nilimwambia miguu yangu imevimba, nimeinama mtoni siku nzima kama mwendawazimu nikiwa na sahani, na yeye anatupa kama mtoto anayekataa uji. Bibi jirani alikuwa sebuleni akanisikia, akajifanya hasikii. Mama aligeuza uso ukutani.

Kuanzia siku ile alianza kuupiga ukuta. Wakati mwingine alikwaruza kwanza kwa kucha, mpaka chokaa kikabanduka vipande na kuanguka kwenye shuka nilizozifua. Halafu aliupiga ukuta kwa kiganja, akajipapasa uso, akaupiga tena, akajipapasa mkono ule uliokufa. Nilimwambia aache. Nilipangusa pale mahali kwa dawa. Akakwaruza tena.

Kila muuguzi anaijua dalili ile. Mgonjwa anayekaribia kuondoka hupapasa: hupapasa shuka, hupapasa hewa, hupapasa ukuta, akili ikiwa imekwisha kutangulia. Nimeiona mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na nimewafundisha wauguzi wadogo waitambue ili wawaite ndugu. Nikaitambua kwa mama. Huzuni iliyonipata ilikuwa na faraja ndani yake, nakiri, kwa sababu ilinieleza kila kitu. Kumbe hakuwa ananikatalia. Kumbe mawe yote yale yalisukumwa na mtu ambaye hayupo.

Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu nikamwambia akili ya mama imeondoka. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia mimi ni muuguzi. Akasema kama ni hivyo basi kalamu imeinuliwa, sala si wajibu juu yake tena, nisimsumbue. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia hivyo hivyo. Nikaacha kumkumbusha mama nyakati za sala. Nikakiondoa kitanda ukutani, nikakiweka katikati ya chumba, viti viwili huku na huku asianguke, mahali ambapo mkono wake haukufika popote.

Akatulia. Alinyoosha mkono mara kadhaa siku ya kwanza, akaukuta utupu, akaurudisha kifuani. Siku ya pili hakunyoosha. Nilishukuru. Aliishi siku kumi na moja nyingine, hivyo hivyo, akiitazama dari, na akafariki asubuhi, nikiwa namlisha uji. Tulimwosha, tukamkafini, na wanaume wakamzika alasiri hapa hapa mjini.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na watu wakatawanyika, yule bibi jirani alibaki kunisaidia kukusanya mikeka. Aliingia chumba cha mbele, akayaona mawe yangu juu ya trei, yote tisa, yamepangwa kwa aina, kwa sababu sikuweza kuacha tabia yangu hata kwenye mawe.

"Haya ya nini, mwanangu?"

"Ya mama kutayamamu. Alikuwa akiyakataa yote."

Alilichukua lile zuri, la ukubwa wa andazi. Akalipiga kwa kiganja chake mara moja, kama watu wanavyofanya bila kufikiri, akakitazama kiganja.

"Mbona halina vumbi?"

"Vumbi gani, bibi? Nimeliosha."

"Umeliosha?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba wali umepikwa bila moto. "Mwanangu, cha kutayamamia ni udongo. Jiwe la namna hii huwekwa kwa kuwa lina vitundu, linashika vumbi likalitunza. Mamaako hakulihifadhi kwenye udongo?"

Nilikaa juu ya kitanda kitupu. Nilijifunza jambo hili nikiwa mtoto. Tulilisoma chuo cha Kurani kwa sauti, sote kwa pamoja, tukiyumba mbele na nyuma: udongo safi wenye vumbi. Nililijua kama ninavyolijua jina langu, na miaka thelathini ya maji ya moto ililifunika. Nilimkumbuka bibi yangu wa Mkwaja akilipiga jiwe, na katika kumbukumbu yangu kulikuwa na jiwe tu. Nilijifunza kulitofautisha jiwe mchanga na kila jiwe la Tanga, kwa ndimu, kwa tone, kwa sahani, na nilipolipata nikakitoa ndani yake, kwa brashi, kitu pekee alichokuwa akikihitaji. Mzee wa visu asiyejua hata sala zetu zikoje aliniambia linakunywa kila kitu, lisitiwe sabuni. Nikaona anazungumzia visu.

Kisha nikatazama ukuta.

Palikuwa na mahali pamoja, usawa wa mtu aliyelala, ambapo chokaa kilikuwa kimekwanguliwa chote, na udongo umejitokeza. Hapakuwa pamekwaruzwa ovyo, kama wanavyofanya wanaokata roho. Palikuwa pa mviringo, ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa. Nilipaweka kiganja changu nikapiga, na kiganja kikatoka na vumbi. Nikaufuata kwa akili mkono wake kama nilivyouona: pigo moja, uso, pigo la pili, mkono. Pigo moja, uso. Pigo la pili, mkono. Kila mara, kwa mpangilio ule ule. Na nikakumbuka saa zake. Alikuwa akianza adhana inapokwisha. Mimi niliyekuwa nikiandika mapigo ya moyo ya wagonjwa kwa saa na dakika, sikuangalia saa ya mama yangu.

Alikuwa amejipatia ufumbuzi peke yake, kwa kucha zake, na nikamwondolea ukuta.

Bibi jirani alinipa maneno ya kunituliza. Imamu naye, nilipokwenda kumwambia, alisema Mungu haikalifishi nafsi isipokuwa kwa uwezo wake, na kwamba asiyepata maji wala udongo husali kama alivyo, na mama yangu bila shaka alisali kwa moyo. Nilimwitikia inshallah. Lakini nilitoka pale na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Sikuwa na wasiwasi na Mungu. Mungu alikuwa anamwona. Nilikuwa na wasiwasi na zile siku kumi na moja, na mtu mzima mwenye akili zake timamu, amelala katikati ya chumba, anasikia adhana tano kila siku, na binti yake anaingia na kutoka akipiga deki na kumwambia pumzika mama, pumzika.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili kuambiwa. Niliahirisha kwa wiki nzima, kisha nikampigia mdogo wangu mchana, nikijua atakuwa shambani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekaa?"

"Niko chini ya michungwa hapa. Kuna nini?"

Nilimwambia yote. Kifuko, udongo, sabuni, kitanda. Sikujitetea. Nilimwambia kwamba niliposema akili ya mama imeondoka nilikosea, kwamba akili yake ilikuwepo mpaka ile asubuhi ya mwisho, labda kuliko yetu sisi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilitegemea atanikaripia, na ningepokea. Nilisikia wafanyakazi wake wakiitana kwa mbali, na gunia likiburutwa.

"Dada," alisema baadaye, "ile siku niliyokuja."

Alikuwa amekuja mara moja tu, katika zile siku kumi na moja. Tulikaa kwenye vile viti viwili nilivyoviweka kuzuia kitanda, yeye huku, mimi huku, mama katikati yetu, tukanywa chai juu yake. Tulizungumza habari za mazishi kama watu wanaozungumza kwenye chumba kitupu. Mama alikuwa ametuambia tangu baba alipofariki kwamba azikwe Mkwaja, ubavuni mwake, na hata nafasi alikuwa ameionyesha kwa mkono. Mdogo wangu alisema barabara ni mbovu na mvua zimeanza. Mimi nilisema maiti isicheleweshwe. Alisema tumzike hapa hapa Tanga. Nilisema ndiyo, afadhali, kwani yeye sasa atajua nini.

"Tulivyokuwa tunasema yale," aliniuliza, "alikuwa amelala?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Mtu mwingine pekee aliyekuwa anajua ni yeye aliyezikwa.

"Hapana," nilimwambia. "Alikuwa macho. Alikuwa ananitazama mimi."